Gazeti la Vita la Shilingi 15,000

Nilinunua gazeti la vita kwa shilingi 15,000 na kwa siku nne nilijiona tajiri.

Lilikuwa limelala chini ya rundo la vitabu vya hesabu na majarida ya mitindo, kwa muuza vitabu vya mitumba mmoja hapa Dar es Salaam ambaye humpitia kila nikilipwa. Gazeti la London, la Jumatatu, Septemba 16, 1940. Kichwa cha habari kilitapakaa ukurasa wa mbele: ndege 175 za Wajerumani zimeangushwa kwa siku moja. Muuzaji aliyaona macho yangu, na kwenye biashara mtu akishayaona macho yako umekwisha. Alianzia 40,000. "Bosi, hii orijino ya vita, ya wakati wa Hitla kabisa." Tukavutana, nikajifanya naondoka, akaniita, nikarudi. Mnajua inavyokwenda.

Nyumbani nililiweka kwenye bahasha ya plastiki, nikalipiga picha, nikaituma kwenye kundi la waandishi wenzangu. Mmoja akauliza nimeiba makumbusho gani. Nilifurahi sana kuulizwa hivyo, kusema kweli.

Siku ya tano nikampelekea mzee mmoja niliyewahi kumhoji kwa makala ya uchapaji, mtu aliyeanza kazi kiwandani enzi ambazo habari ilipangwa herufi kwa herufi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea nini leo?"

Hakusoma hata kichwa cha habari. Alishika kona ya ukurasa akaikunja kidogo, akainusa, akaligeuza gazeti nyuma akapitisha kidole gumba polepole kama mtu anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto. Kisha akanirudishia.

"Hili halijapigwa na herufi. Limepigwa picha."

Akanielewesha. Mwaka 1940 kila herufi ilikuwa kipande cha risasi. (Lugha yetu ina mambo: madini ya herufi na kitu kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki tumevipa jina moja.) Ukurasa ulipangwa kwa vipande hivyo, ukapakwa wino, karatasi ikagandamizwa juu yake. Hata kwenye mashine kubwa za magazeti, ambako ukurasa ulimiminwa upya kuwa bamba la risasi lililopinda, wino uliingia kwenye karatasi kwa kugandamizwa. Ukipapasa nyuma ya gazeti la namna hiyo, mara nyingi unausikia ule mgandamizo. Langu lilikuwa laini pande zote mbili kama kipeperushi cha harusi. Halafu karatasi yenyewe. Karatasi ya magazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa, na mti huo una asidi inayoila karatasi kutoka ndani. Baada ya miaka 80 inakuwa kahawia, inakatika ukiikunja. Yangu ilikunjika vizuri tu. La mwisho ndilo lililoniaibisha. Katikati ya ukurasa kulikuwa na mstari wa mkunjo, ambao mimi niliuona kama ushahidi wa uzee. Mzee akaniambia niupapase. Haukuwa mkunjo. Ulikuwa picha ya mkunjo: gazeti halisi lilikunjwa, likapigwa picha, na mkunjo wake ukachapwa pamoja na habari.

Nikamwuliza kama nimetapeliwa. Akafikiri kidogo.

"Aliyelitengeneza hakutaka kukudanganya. Kazi yake nzuri. Muulize aliyekuuzia."

Nilichokuwa nimenunua ni bidhaa ya kawaida kabisa huko ilikotoka. Uingereza, katika miaka ya 1970, mfululizo mmoja uitwao The War Papers uliwauzia watu magazeti ya Vita vya Pili vya Dunia yaliyochapwa upya, toleo baada ya toleo, kama mtu anavyonunua jarida lake la kila wiki. Makumbusho yanauza pakiti zake. Walimu wanazitumia. Wapo wanaozitundika ukutani kwa sababu ni tarehe aliyozaliwa mama yao. Na wapo wakusanyaji, watu wenye subira na miwani minene, ambao nusu ya ujuzi wao ni kutofautisha nakala na asilia, maana nakala nzuri ikizeeka miaka 50 kwenye ghala lenye unyevu nayo huanza kujifanya bibi.

Mfano mkongwe wa jambo hili unatoka kwenye vita vingine kabisa, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na nadhani ndio uliofanya niache kujihurumia kwa ajili ya ile 15,000.

Mwaka 1863 mji wa Vicksburg, juu ya mto Mississippi, ulizingirwa na jeshi la Kaskazini chini ya Jenerali Ulysses Grant. Kuzingirwa kulidumu siku 47. Wakazi walichimba mapango kwenye vilima wakaishi humo kukwepa mizinga. Chakula kiliisha, watu wakala nyama ya nyumbu. Karatasi nayo iliisha. Lakini mji ulikuwa na gazeti, The Daily Citizen, la mtu aitwaye J. M. Swords, na Swords hakukubali kunyamaza. Akachukua karatasi za kupambia ukuta, zile zenye maua na mistari ambazo wenye nyumba nzuri hubandika sebuleni, akachapa gazeti kwenye upande wake wa nyuma. Ukurasa mmoja, safu nne. Msomaji alisoma habari za vita, akigeuza anakuta maua.

Toleo la Julai 2 lilikuwa na kejeli. Ilisemekana Grant amejigamba kwamba siku ya Julai 4, sikukuu ya uhuru wa Marekani, atakula chakula chake ndani ya Vicksburg. Gazeti likamjibu kwa mzaha wa mapishi: kabla ya kumpika sungura, sharti kwanza umkamate.

Julai 4 mji ukasalimu amri. Askari wa Kaskazini waliingia kwenye chumba cha uchapaji na kukuta herufi za toleo la Julai 2 bado zimesimama kwenye fremu, kama mtu aliyeacha sufuria jikoni akakimbia. Wangeweza kuzimwaga. Wasingekuwa wa kwanza. Badala yake waliondoa sehemu ya safu ya mwisho, wakapanga taarifa yao wenyewe chini, wakaweka tarehe ya Julai 4, na kuchapa kwenye zilezile karatasi za ukutani. Taarifa yao ilisema, kwa ufupi, kwamba siku mbili huleta mabadiliko makubwa. Kwamba Grant amemkamata sungura. Kwamba gazeti hili halitasifu tena nyama ya nyumbu. Kwamba kila kitu kingine kimeachwa kama kilivyokutwa. Na kwamba siku zijazo nakala hizi zitakuwa na thamani kama kitu cha ajabu.

Nimelirudia sana lile jambo la mwisho. Moshi haujaisha juu ya mto, na mtu ameshika herufi za adui mkononi akifikiria wakusanyaji.

Alipata alichotabiri kupita kiasi. Gazeti hilo limechapwa upya mara nyingi sana tangu wakati ule, kiasi kwamba Maktaba ya Bunge la Marekani ina maelezo maalumu ya kuwasaidia watu kutambua lililo halisi: ukubwa wa eneo lililochapwa ni kama sentimita 23 kwa 43, alama za nukta katika mstari wa jina la Swords ziwe idadi fulani, mistari iishie kwenye maneno fulani. Ipo hata habari ya kosa la herufi. Askari walipoanza kuchapa, jina la gazeti lilisomeka "CTIIZEN", herufi mbili zimepishana. Baada ya nakala chache wakaona, wakasahihisha. Hivyo asilia za siku ile zipo za aina mbili, zenye kosa na zisizo na kosa, na mwenye bibi aliyemwachia karatasi ya maua iliyochapwa nyuma hana budi kukaa na rula.

Lakini tazama alichokifanya yule askari mchapaji. Hakufuta maneno ya adui. Aliyaacha karibu yote, kejeli ya sungura ikiwemo, akaongeza chini yake maneno machache yanayomweleza msomaji nini kilitokea baadaye na nani anaongea sasa. Ukiikata ile sehemu ya chini unabaki na gazeti la mji ambao haujaanguka. Ukiibakiza unapata mji na anguko lake kwenye karatasi moja.

Gazeti langu la London lilikosa hiyo sehemu ya chini, na sikujua kama limeikosa mpaka nilipolipeleka shuleni.

Rafiki yangu anafundisha historia kidato cha tatu. Aliniomba nije na "lile gazeti feki" wanafunzi waone. Nikaja nalo, pamoja na mengine matano ya namna hiyohiyo ambayo kwa aibu nakiri nilikuwa nimeshayanunua kwa muuzaji yuleyule, safari hii kwa bei ya nakala. Tukayapitisha madarasani. Watoto waliyapenda. Walipenda matangazo ya sabuni na chai kuliko ndege, na mimi pia. Kuna kitu ambacho kitabu cha kiada hakiwezi kukupa: ndani ya gazeti la Septemba 1940 hakuna mtu anayejua Ujerumani itashindwa. Kitabu kinajua tangu ukurasa wa yaliyomo. Gazeti linaogopa, linajipa moyo, linauza sabuni.

Halafu nikawaambia kuhusu zile ndege. Siku ya Jumapili, Septemba 15, 1940, mapigano makubwa yalitokea angani juu ya kusini mwa Uingereza. Serikali ilitangaza kwanza ndege 175 za Wajerumani zimeangushwa, kisha hesabu ikapandishwa hadi 185. Baada ya vita, kumbukumbu za Wajerumani wenyewe zilipochunguzwa, idadi ikaonekana kuwa karibu 60. Theluthi moja. Msichana mmoja aliyekaa dirishani akanyoosha mkono.

"Sasa kaka, gazeti lilidanganya au lilikosea?"

Mimi ni mwandishi wa habari kwa miaka kumi na kitu na swali hilo lilinikuta mikono mitupu. Nikajibu nilichokuwa nacho. Marubani kadhaa wanafyatulia ndege moja, kila mmoja anaiona ikitoa moshi, kila mmoja anarudi na kuhesabu moja. Ndege nyingine inatoa moshi, inateremka hadi mawinguni, rubani wake anafika nyumbani salama. Nyingine zinaanguka baharini, nani atakwenda kuzihesabu? Kwa hiyo kosa lilianza kwa watu wakweli waliochoka. Ila kosa lile liliwafaa wakubwa, na jambo linalowafaa wakubwa halipati mhariri wa kulihoji haraka. Wajerumani nao walikuwa na mahesabu yao ya kujaza kapu. Yule msichana akaandika kitu kwenye daftari lake. Sijui alituandikia nini.

Kukosea kwa idadi unaweza kukuona, kwa sababu idadi imechapwa. Lililo gumu zaidi ni ambalo halikuchapwa. Juni 17, 1940, meli ya Uingereza iitwayo Lancastria ilipigwa mabomu na kuzama karibu na Saint-Nazaire, Ufaransa, ikiwa imejaa askari na raia waliokuwa wanakimbia. Walikufa watu wasiopungua 3,000, na wengi wanaamini walizidi hapo sana. Churchill alizuia habari hiyo isitoke. Aliona taifa limeshapata mabaya ya kutosha kwa siku ile. Ilitoka mwishoni mwa Julai, baada ya magazeti ya Marekani kuiandika. Sasa chukua nakala safi kabisa ya gazeti la London la siku chache baada ya Juni 17, iliyotengenezwa kwa uaminifu wa kila nukta. Ni nakala sahihi ya ukimya. Msomaji wa leo anayeishika bila maelezo anazuiwa na Churchill yuleyule.

Ndipo nikarudi kwa muuzaji wangu. Katika yale magazeti matano, moja lilikuja likiwa limefungwa ndani ya karatasi ya juu, kurasa nne za maelezo: nani alimiliki gazeti hili, udhibiti ulifanyaje kazi, nini kiliachwa. Mengine hayakuwa nayo. Nikamwuliza, kwa upole, ile karatasi ya juu ya gazeti langu la kwanza iko wapi.

"Ile ilikuwa mpyampya, bosi. Ingeharibu soko. Nilimpa mama wa maandazi."

Hakuona aibu hata kidogo, na sina hakika kama alistahili kuiona. Mteja anataka uzee, yeye kamwondolea upya. Lakini ukweli wa kitu chote ulikuwa kwenye karatasi ile, ikiwa ni pamoja na ukweli kwamba ni nakala.

Kumbe karatasi ya juu imeshawahi kupelekana mahakamani. Januari 2009 mchapishaji Mwingereza, Peter McGee, alianza kuuza Ujerumani mfululizo uitwao Zeitungszeugen, yaani kitu kama magazeti-mashahidi. Kila toleo lilikuwa na nakala za magazeti ya enzi ya Wanazi, zimefungwa ndani ya kurasa za ufafanuzi zilizoandikwa na wanahistoria. Toleo la kwanza lilihusu siku Hitler alipofanywa Kansela, mwishoni mwa Januari 1933, na lilikusanya magazeti matatu yasiyoweza kukaa meza moja: Der Angriff, la Goebbels, Der Kämpfer, la wakomunisti, na Deutsche Allgemeine Zeitung, la wahafidhina. Unasoma asubuhi ileile mara tatu.

Toleo la pili lilihusu moto ulioteketeza bunge la Ujerumani, Reichstag, mwezi uliofuata. Ndani yake kulikuwa na Völkischer Beobachter, gazeti rasmi la chama cha Nazi, na bango la propaganda. Hapo serikali ya jimbo la Bavaria ikasimama. Baada ya vita, haki za kampuni iliyochapa vitabu na magazeti ya Wanazi ziliangukia mikononi mwa jimbo hilo, na kwa miongo kadhaa Wizara yake ya Fedha iliitumia hakimiliki kama kufuli: hakuna ruhusa, basi. Polisi wakapita kwenye vibanda vya magazeti wakikusanya nakala. Hebu fikiria picha hiyo mwaka 2009, polisi wa Kijerumani wakikamata magazeti ya mwaka 1933.

Ni rahisi kwetu tulio mbali kucheka, na mimi nilianza kwa kucheka. Lakini hoja ya Bavaria haikuwa ya kijinga. Walisema magazeti yamewekwa ndani ya ufafanuzi bila kushonwa nao. Mtu anaweza kuchomoa Völkischer Beobachter, akatupa maelezo ya wanahistoria, akabaki na propaganda safi iliyochapwa vizuri kwenye karatasi mpya, na bango la kutundika ukutani. Na Ujerumani wapo wa kulitundika. Wengine ni wazee wenye kumbukumbu zao. Wanaotisha ni vijana wasio na kumbukumbu yoyote.

Machi 2009 mahakama ya Munich ilitoa uamuzi, kwa sehemu kubwa upande wa mchapishaji. Hoja iliyobeba uzito ilikuwa ya kalenda: magazeti ya kabla ya 1939 yalikuwa yameshatimiza miaka 70, hakimiliki yake imekwisha, kufuli halina mlango tena. Sheria ya Ujerumani inayokataza alama za Kinazi huacha nafasi kwa elimu na utafiti. Mfululizo ukaendelea.

Miaka mitatu baadaye McGee alitaka kutoa sehemu za Mein Kampf zenye ufafanuzi wa wanahistoria pembeni, na Bavaria ikamzuia tena. Hitler alikufa 1945, kwa hiyo hakimiliki ya kitabu hicho ilikuwa hai hadi mwisho wa 2015. Mchapishaji akatoa toleo ambalo maneno ya Hitler yamefifishwa yasisomeke na ufafanuzi pekee ukabaki. Karatasi ya juu bila gazeti! Kinyume kabisa cha bidhaa ya rafiki yangu wa mitumba.

Mimi niko upande wa kuchapa. Nasema hivyo nikijua kwamba siishi mtaani ambako lile bango lingetundikwa dhidi yangu, na anayeishi hapo ana haki ya kuniuliza ninaongea nini. Lakini nimeona darasa likishika gazeti lililokosea kwa ndege zaidi ya 100 na kujifunza kuuliza swali ambalo chuo kikuu kilichelewa kunifundisha. Tatizo langu ni kuchomoa. Wakusanyaji wanachomoa kwa sababu ya sura, wauzaji kwa sababu ya bei, wenye chuki kwa sababu zao. Na sisi huku Afrika Mashariki tunapokea vitu vingi vikiwa vimeshachomolewa.

Kati ya yale magazeti sita, moja ni la Februari 1944. Ukurasa wa mbele ni Italia: Anzio, Cassino, ramani yenye mishale. Mvulana mmoja alilisoma lote, ndani na nje, kisha akamwuliza mwalimu askari wa KAR wako ukurasa gani. Mwalimu akanitazama. Hawakuwa ukurasa wowote.

Nikawasimulia kuhusu Khedive Ismail. Mwanzoni mwa Februari 1944 meli hiyo iliondoka Mombasa kwenye msafara wa meli za kijeshi kuelekea Colombo, ikiwa na watu 1,511. Wengi walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, kikosi cha 301, pamoja na mabaharia, wauguzi na wanawake wengine wa jeshi. Februari 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Japani ikaipiga kwa topido. Ilizama katika muda wa dakika mbili hivi. Waliokuwa chini hawakupata hata muda wa kupanda ngazi. Manowari mbili za Uingereza zilirudi kuitafuta nyambizi, na nyambizi ilikuwa chini ya watu walionusurika, waliokuwa wanaelea. Makombora ya kuipasua yalirushwa palepale walipokuwa. Walikufa watu 1,297. Hicho ni kimoja cha vifo vikubwa zaidi vya baharini vilivyoupata upande wa Uingereza na washirika wake katika vita vile, na meli ilitoka bandari ambayo baadhi ya wale watoto wana shangazi zao pale.

Habari za safari za meli wakati wa vita zilikuwa chini ya udhibiti mkali, na hilo linaeleweka. Nyambizi nazo zinasoma magazeti. Nyumbani kwetu kulikuwa na magazeti wakati huo. Mambo Leo lilikuwa linatoka Dar es Salaam tangu 1923. Baraza lilianza Nairobi mwaka 1939, mwaka uleule wa vita, kwa Kiswahili. Ningelipa zaidi ya 15,000 kwa pakiti iliyofungwa vizuri yenye Baraza na gazeti la London la wiki moja, na karatasi ya juu iliyoandikwa na mwanahistoria wa Nairobi au wa Mlimani. Watu huniambia soko halipo. Labda. Soko la bango la Hitler lilipatikana.

Mvulana yule hakuridhika na hadithi yangu. Alitaka kujua majina. Nikamwambia katika Makaburi ya Vita ya Nairobi kuna mnara wa kumbukumbu wa askari wa Afrika Mashariki, na waliopotea kwenye meli hiyo wanakumbukwa hapo. Akasema Nairobi ni mbali.

Wiki mbili baadaye rafiki yangu akanipigia simu nipite shuleni. Darasa lilikuwa limetengeneza karatasi ya juu ya lile gazeti la Februari 1944. Karatasi mbili za A3, zimekunjwa, zimeandikwa kwa mkono, Kiswahili chote. Upande wa kwanza wameeleza kuwa hii ni nakala, siyo asilia, na jinsi ya kujua kwa kupapasa. Ndani kuna habari ya Khedive Ismail, imeandikwa kama gazeti lingeandika, na kichwa cha habari, na tarehe. Idadi ya waliokufa wameiweka kwa tarakimu kubwa kama zile za ndege 175. Chini, yule msichana wa dirishani ameandika mistari mitatu ikisema tumepata idadi hii wapi na nani anaweza kuihoji.

Gazeti lilikuwa limewekwa katikati, limeshikwa kwa klipu. Nikaomba stepla.